Nguo Kuukuu na Mzunguko Wake



Wiki hii twazungumzia neno ambalo wenye viwanda vya nguo wa Ulaya hulitaja kila uchao, nalo ni mzunguko. Maana yake si ngumu. Kiwanda tulichokizoea huchukua pamba, au mafuta yachimbwayo ardhini, kikafanya uzi, kikafuma kitambaa, kikashona vazi. Na vazi likichakaa hutupwa. Mwendo wake ni mstari ulionyoka, na mwisho wake ni jaani. Kiwanda cha mzunguko hukusudia vazi lililochakaa lirudi kuwa uzi, na uzi uwe vazi tena, ili jaa likose riziki yake.

Jambo hili latugusa sisi watu wa pwani, kwa kuwa nguo zivuliwazo Ulaya hushushwa katika bandari ya Mombasa, na wengi wa akina mama wanaosoma ukurasa huu hulisha watoto wao kwa kuziuza Kongowea na mitaani.

Tuanze na sheria zao. Tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zatakiwa kukusanya nguo kuukuu mbali na taka nyingine. Kuanzia Julai 2026 kampuni kubwa hazina ruhusa ya kuteketeza nguo ambazo hazikununuliwa, ila kwa udhuru maalumu. Naam, nguo mpya zilikuwa zikiteketezwa, nyingine ili bei isishuke. Israfu gani kubwa kuliko hiyo? Na sheria iliyopitishwa mwaka 2025 yawataka wazalishaji wenyewe walipie ukusanyaji na uchambuzi wa nguo walizoziuza. Ufaransa ilitangulia katika hilo tangu 2007, na mwaka 2023 ikaongeza jambo lililotupendeza: mtu akipeleka vazi lililochanika kwa fundi, hupunguziwa gharama kutoka katika fungu wanalochangia wazalishaji hao. Sisi tuliosomeshwa madrasani kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiishona nguo yake kwa mkono wake hatukungoja sheria ya Paris, ila tunaifurahia.

Hayo ni mema, wala hatuyabezi. Lakini kukusanya si kuzungusha. Taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika malighafi yote inayotengenezewa nguo, chini ya asilimia 1 ndiyo inayorudi kuwa nguo mpya. Kwa nini ni haba hivyo, na ilhali kuna fedha, mashine na wataalamu?

Jawabu limo ndani ya kitambaa chenyewe. Tazameni mji wa Prato, karibu na Florence huko Italia. Tangu karne ya 19 watu wa mji ule huchukua sweta na makoti ya sufi yaliyochakaa, wakayachambua kwa mkono, rangi kwa rangi, wakaondoa vifungo na zipu, kisha wakayatia katika mashine zenye meno ziyachanechane mpaka yarudi kuwa sufi ghafi, isokotwe upya. Kwa kuwa rangi zimekwisha kutengwa, mara nyingi hapana haja ya kutia rangi nyingine. Mchambuzi hodari wa Prato huijua sufi safi kwa kuipapasa tu. Kazi ile imedumu vizazi na vizazi kwa sababu sufi ni kitu kimoja, na nyuzi zake ni ndefu. Hata hivyo kila ichanwapo hukatika ikawa fupi, na mara nyingi huchanganywa na nyuzi ndefu ili uzi ushike.

Sasa ichukueni fulana ya leo. Ndani yake mna pamba, mna polista, na mna laikra kidogo ya kuifanya inyumbuke. Mashine ya kuchana haiwezi kuvitenga vitu hivyo vitatu. Kinachotoka ni manyoya ya kujazia magodoro na viti vya magari, na hapo mzunguko umekwisha. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani hivi sasa ni polista, na michanganyiko haina hesabu. Dawa za viwandani zinaweza kuyeyusha pamba kuukuu ikawa ujiuji wa kufanyia uzi mpya, na huko Sundsvall, Sweden, kampuni ya Renewcell ilifungua kiwanda cha kazi hiyo mwaka 2022. Kiwanda kilikuwa kizuri. Wanunuzi, wale wale waliokuwa wakiimba mzunguko katika matangazo, hawakuleta oda za kutosha, na Februari 2024 kampuni ikatangaza kufilisika. Baadaye ilipata mmiliki mwingine, lakini somo limebaki.

Na mnunuzi ajihadhari na kibandiko kisemacho kuwa vazi ni la polista iliyorejelezwa. Takriban polista yote ya namna hiyo imetokana na chupa za plastiki za maji na soda, wala si nguo kuukuu. Chupa ingeweza kuwa chupa tena. Ikishakuwa fulana, njia ya kurudi imezibwa.

Basi nguo hizi zilizokusanywa kwa amri ya sheria, na ambazo viwanda haviwezi kuzirudisha kuwa uzi, zaenda wapi? Nzuri hubaki huko huko, zikauzwa madukani na kwa simu kwa bei ya kuridhisha. Zilizobaki hufungwa marobota, kwa kawaida ya kilo 45, zikapakiwa melini. Mama wa Kongowea hulinunua robota bila kuona ndani, pengine kwa fedha za chama au za mkopo. Akilifungua, huomba Mungu aipate kamera, yaani zile za kuchaguliwa mwanzo. Akikuta fagia tupu, zenye madoa na zilizotepeta, hasara ni yake peke yake. Aliyeivaa ile nguo haijui hasara hiyo, wala aliyeitengeneza. Kadiri nguo zinavyotengenezwa hafifu na za mchanganyiko, ndivyo fagia inavyoongezeka ndani ya robota, na jaa letu ndilo linalozipokea.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, wameshadidia sana suala la kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona. Kuona sehemu hutosha ikiwa sehemu hiyo yaonyesha iliyobaki, kama gunia la mchele wa namna moja. Lakini shati la juu ya robota halitoi habari ya shati la katikati. Hapa si mahali pa kutoa fatwa, na hali za biashara zatofautiana. Kila mmoja amwendee sheikh wake. Tusemalo ni kuwa muuzaji wa jumla anayelifungua robota mbele ya mnunuzi, au anayekubali kurudishiwa lenye ila, yu karibu zaidi na haki kuliko yule aliyeandika ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudi. Akina mama wakienda kununua kwa umoja wao wataweza kulidai hilo. Mmoja mmoja ni vigumu.

Tukirudi kwenye viwanda, tunaona kuwa mzunguko wa nyumbani ungeanza vyema katika meza za kukatia nguo kuliko katika marobota. Katika viwanda vya EPZ hapa Mombasa, ambako maelfu ya mabinti zetu hushona nguo za kupelekwa Marekani, kila kitambaa kikikatwa hubaki vipande. Vipande hivyo havijavaliwa, havina vifungo wala zipu, na kiwanda chajua barabara ni nyuzi gani zilizomo. Kwa mchanaji uzi hiyo ni mali safi kuliko fulana yoyote ya mitumba, mradi pamba iwekwe gunia lake na polista gunia lake tangu pale mezani. Vikishachanganywa sakafuni, vimekuwa kama ile fulana. Huko Bangladesh biashara ya vipande hivi inalisha watu wengi, na ina jina lake, jhut. Hapa kwetu kazi ya kuvitenga yahitaji magunia mawili na msimamizi mwenye kujali.