Bia ya Bukavu na watu wake: tuandike majina sasa

Ninyi mlioko Bunagana, Rutshuru na Goma, na ninyi mliovuka mpaka kwenda Kisoro, leo sitasema juu ya mapigano. Nataka tuzungumze juu ya bia. Wengine watauliza kama hiyo ni habari wakati familia nyingi hazina hata sahani ya kulia. Mimi nasema ni habari, kwa sababu nyuma ya kila chupa kulikuwa na mshahara wa mtu, na mishahara hiyo imepotea bila yeyote kuihesabu.

Katika nchi hizi zetu kila bia ina kwao. Simba na Tembo ni za Lubumbashi. Skol na Nkoyi ni za Kinshasa. Bell inatoka Port Bell, kando ya Ziwa Victoria, na Nile inatoka Jinja. Hizo mbili za Uganda ndizo rahisi kufika Bunagana, maana mpaka uko hapa hapa. Primus ni jina moja lenye viwanda vingi. Kuna ya Brarudi, kampuni iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1955. Kuna ya Bralirwa, ambayo kiwanda chake cha Gisenyi kilianza mwaka 1957. Kisha kuna ya Bralima, kampuni iliyoanzia Léopoldville mwaka 1923, ambayo ilikuwa chini ya Heineken ya Uholanzi. Kwa wakaaji wa Kivu, Primus ya nyumbani ilikuwa ile ya Bralima iliyopikwa Bukavu.

Tufuate safari ya chupa hiyo. Mtu wa kiwandani aliiosha na kuijaza. Mwingine aliipakia. Ilivuka Ziwa Kivu hadi Goma, ikaingia kwenye depo, ikapanda gari la kuelekea Rutshuru. Njiani kulikuwa na vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS na DIIS walihesabu vizuizi 798 kwenye barabara za Kivu zote mbili, vya jeshi, vya vikundi vyenye silaha na vya maofisa wa serikali. Kila kamba iliongeza kitu juu ya bei. Mwishoni mama mwenye nganda aliuza, akalipa deni la depo, na kilichobaki kikawa unga na karo ya watoto.

Safari hiyo ilikatika kipande kwa kipande. Bunagana ilichukuliwa na M23 tarehe 13 Juni 2022. Goma ikafuata mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Siku zile kiwanda cha Bukavu kiliporwa, watu wakaonekana wakitoka na makasha ya bia mabegani. Mwezi wa Juni Heineken ikatangaza kwamba watu wenye silaha wameshika majengo yake, na kwamba imewaondoa wafanyakazi wake waliobaki huko. Aliyebeba kasha siku ile alikunywa siku mbili tatu. Jirani yake aliyekuwa akipanga chupa kiwandani alipoteza kazi.

Najua mtakaloniambia: Heineken ni tajiri, ina wanasheria, haihitaji machozi yetu. Ni kweli. Siililii kampuni. Nawasemea watu ambao majina yao hayako kwenye tangazo lolote, yaani mpakizi, dereva, mlinzi wa depo, mama wa nganda. Na ninayo sababu ya kusema sasa, nisingoje amani isainiwe kwanza.

Sababu yenyewe ni ya Bukavu hiyo hiyo. Kati ya mwaka 1999 na 2003, wakati RCD inatawala Kivu, Bralima iliwaachisha kazi watu wengi kiwandani. Wafanyakazi 168 walisema haki zao zilikanyagwa. Vita ikaisha, serikali zikabadilika, wao wakaendelea kudai. Mwaka 2015 walipeleka malalamiko yao Uholanzi, kwenye ofisi inayopokea mashtaka dhidi ya kampuni za nchi hiyo kwa kanuni za OECD. Heineken ikakubali kukaa nao mezani, na mwaka 2017 wakafikia mapatano. Hesabuni wenyewe: tangu 2003 hadi 2017 ni miaka 14.

Mimi naliangalia neno moja tu, 168. Hawakusema "sisi wengi" wala "watu wa Bukavu". Walikuwa hesabu kamili, kila mmoja na jina lake. Umati hauwezi kuketi mezani na kampuni. Orodha ya majina inaweza.

Hapo ndipo naona tunakosea leo. Tunapohesabu hasara ya vita hii tunataja mji uliochukuliwa na idadi ya waliohama, tunaishia hapo. Kazi iliyopotea hatuiandiki. Na wanaosahaulika kabisa ni wale ambao hawakuwa na bosi. Mama wa Jomba aliyekuwa akivundika ndizi zake, akazikamua kwa majani, akatia unga wa mtama na kuuza pombe ya ndizi, alikuwa na kiwanda chake pia. Aliacha migomba, pipa na wateja waliomjua. Kambini alinunua ndizi kwa bei ya sokoni ili aanze upya. Hakuna ofisi ya Uholanzi itakayompokea. Lakini siku watu wakiketi kuzungumza juu ya fidia, kwa nini jina lake lisiwepo?

Basi naomba jambo dogo. Kama ulifanya kazi kiwandani au kwenye depo, tunza karatasi ya mkataba, ya mshahara, hata risiti ya makasha. Ipige picha, uitume kwa ndugu aliye mahali pengine, maana simu huibiwa na nyumba huungua. Kama huna karatasi, chukua daftari la mtoto uandike: ulifanya kazi wapi, tangu lini, ulilipwa kiasi gani, nani alifanya kazi pamoja nawe, siku gani ilikatika. Wenye sendika, wachungaji na machefu wa mtaa wasaidie wasiojua kuandika, na daftari hizo wazifiche vizuri, kwa sababu orodha ya majina mikononi mwa mtu mbaya ni hatari.

Vita hii haitaisha kwa daftari. Lakini wale wa Bukavu walingoja miaka 14 wakiwa na majina yao. Sisi tukianza kutafutana baada ya miaka 14, wengine watakuwa wamekufa, na wengine tutakuwa tumewasahau.