Daftari la maksi lisitupwe



Siku hizi baadhi ya shule huweka maksi zote ndani ya flashi moja, kisha daftari hutupwa. Jambo hili mimi siliafiki. Mtoto akihama, rekodi yake itatoka wapi ikiwa kidude hicho kimekufa?

Flashi hushika maandishi kwa chaji ndogo sana za umeme, nazo huvuja ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa. Tena sokoni zimo za bandia, zilizoandikwa gigabaiti nyingi kuliko zilizomo. Ukivuka kiasi chake cha kweli, kazi yako hupotea bila onyo.

Wenzetu wa Marekani yaliwakuta. Mwaka 1994 kampuni ya Iomega ilileta diski za Zip za megabaiti 100, wakati diski ya kawaida ilibeba 1.44 tu. Watu wakazikimbilia. Baadaye mashine nyingine zikaanza kulia "tak tak" na kuharibu diski, hata wateja wakafungua kesi mwaka 1998. Mashine ya megabaiti 750 ya mwaka 2002 ilizisoma zile za 100 lakini haikuweza kuziandikia. Leo ukipewa diski hiyo utaisomea wapi?

Nawaomba walimu wakuu na maofisa elimu waagize nakala mbili katika vyombo tofauti, kimoja kikae nje ya shule. Na pasipo fedha za flashi ya pili, daftari la wino lirudi kabatini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.