BOMBA LA GESI KWENDA MOMBASA: MAKUBALIANO YAWEKWE WAZI KWANZA



Wapo watakaouliza watu wa Arusha na Meru wana haja gani na bomba la gesi litakalopita pwani, mbali na mlima wetu. Tunajibu kwamba wana haja kubwa. Gesi ni mali ya Watanzania wote, na mlango wa kudai haki juu ya mapatano ya nchi jirani upo hapa mjini kwetu, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mlango huo hufungwa upesi mno.

Mwezi Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipoitembelea Nairobi akiwa mgeni wa Rais Uhuru Kenyatta, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kusafirisha gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Oktoba 2022 Rais William Ruto alikuja Dar es Salaam akataka mradi uharakishwe, na baadaye bomba lifike hata Nairobi. Hatupingi ujirani mwema. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Leo hazina yetu inakadiriwa kupita futi za ujazo trilioni 57, na si kosa kumwuzia jirani. Tunachopinga ni desturi ya wakubwa kuafikiana kwanza na wananchi kuarifiwa baadaye.

Desturi hiyo tunaijua. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Shauri lilikwisha kukatwa mezani, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Jaji Wilson, kabla wenye ardhi hawajasikilizwa. Ilimbidi Kirilo Japhet asafiri hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea, na hata huko ardhi haikurudishwa wakati ule. Mtwara nako, mwaka 2013, wananchi walipoona bomba la Dar es Salaam limekwisha kuamuliwa, zilizuka ghasia. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, jeshi likapelekwa. Hatutetei uchomaji wa nyumba. Lakini aliyekataa kuwaeleza watu mapema hawezi kunawa mikono.

Sasa tutazame mahakama. Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulirekebishwa baadaye, ukaweka kwamba mwananchi anayelalamikia tendo la Serikali afungue shauri ndani ya miezi miwili. Mwaka 2020 mashirika manne ya kiraia yalileta shauri kupinga bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima hadi Tanga. Mwezi Novemba 2023 Mahakama ililitupa, si kwa kupima ubaya au uzuri wa bomba, bali kwa sababu walalamikaji walichelewa: ilisema walipaswa kuja tangu mwaka 2017, Uganda na Tanzania zilipotiliana saini. Miezi miwili! Mwanasheria wa mjini huenda akaiwahi. Mvuvi wa Pangani ataiwahije, iwapo hati yenyewe hajaiona wala haijasomwa kwa lugha anayoielewa?

Na yaliyomo katika mikataba ya namna hii si madogo. Mnunuzi huahidi kulipia kiasi fulani hata asipokichukua; mwuzaji huahidi kukitoa hata kwake kukiwa na upungufu. Sisi tuliopitia mgawo wa umeme mwaka 2023 tuna haki ya kuuliza: gesi ikipungua, nani atakatiwa kwanza, Mombasa au Tanzania? Bomba la Afrika ya Magharibi, litokalo Nigeria hadi Ghana kupitia Benin na Togo, kwa sehemu kubwa limelazwa chini ya bahari. Agosti 2012 nanga ya meli ililiharibu karibu na Lomé, na Ghana ikaikosa gesi hiyo kwa karibu mwaka mzima. Hasara ya namna hiyo huandikwa katika mkataba kuwa mzigo wa nani? Ndilo tunalotaka kulisoma.

Lipo na jambo la jikoni. Mama wa Ngarenanyuki au Poli bado hubeba kuni kutoka pembezoni mwa msitu wa Meru, na mwenzake wa Kijenge hununua mtungi. Wengi hudhani gesi ya mtungi hutoka Songo Songo. La, hiyo huletwa kwa meli kutoka nje. Serikali imetangaza kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watapika kwa nishati safi. Basi ituambie ni sehemu gani ya mapato ya bomba hili itapunguza bei ya mtungi huo.

Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika uchimbaji inaagiza mikataba ya kampuni za uchimbaji itangazwe. Tunadai mapatano ya bomba yasipewe heshima pungufu. Yachapishwe kwa Kiswahili, yajadiliwe Bungeni, yasomwe katika mikutano ya vijiji litakakopita, kabla ya saini ya mwisho. Na tarehe ya kuyatangaza ijulikane, ili ile miezi miwili ihesabiwe tangu siku mwananchi alipoyaona maandishi, si siku wakubwa walipopeana mikono.