Jibu la Kwanza Si Lazima Liwe la Kweli



Sisi mafrateri tunapoandaa tafakari ya jumuiya, wengi wetu huanza na simu. Tunaandika maneno mawili matatu kwenye Google, tunachukua kilichotokea juu, kisha tunawaambia waamini kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi alisema tuhubiri Injili siku zote, na maneno tuyatumie ikibidi tu. Waamini wanatikisa vichwa kukubali. Lakini usemi huo haumo katika maandishi yake yanayojulikana. Kinachoukaribia kimo katika Kanuni ya mwaka 1221, sura ya 17: ndugu wote wahubiri kwa matendo. Naye mwenyewe alihubiri sana kwa maneno.

Kwa nini basi Google hutuletea usemi huo upesi hivyo? Programu zake hupita ukurasa hadi ukurasa zikifuata viungo, na maneno yanayokutwa huwekwa katika faharasa kubwa. Tunapouliza, mtandao mzima haupekuliwi saa ileile; hupekuliwa faharasa, kama mkutubi anavyotazama kadi zake badala ya kupita kila rafu. Kisha kurasa hupangwa. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998 wakitokea Chuo Kikuu cha Stanford, walianza na wazo hili: ukurasa unaoelekezewa viungo vingi, hasa kutoka kurasa zenye uzito, nao upewe uzito. Siku hizi vigezo vimeongezeka, na matangazo ya kulipiwa huweza kutangulia.

Katika somo la mantiki tunafundishwa kwamba jambo haliwi kweli kwa sababu wengi wanalisema. Darasani tunalijibu vizuri swali hilo kwenye mtihani, halafu tukishika simu tunalisahau.

Hatusemi tuache kutafuta mtandaoni. Tunasema tutafute kwa akili. Tukitaka usemi kamili, tuuweke ndani ya alama za kunukuu. Tukitaka hati za Kanisa, tuongeze site:vatican.va ili tuletewe kurasa za Vatican peke yake. Na kila nukuu tuiulize: kitabu gani, sura gani? Ikikosa jibu, tusiiweke kinywani mwa mtakatifu.

Mama anayetusikiliza jumuiyani hana maktaba tuliyo nayo seminarini. Tukimwambia mtakatifu alisema, ataamini, na jioni atawafundisha wanawe vilevile.