Fainali ya 1987 Isipotee

Kila niwasikiapo wazee wa Kibera na Kawangware wakiisimulia fainali ya Kasarani ya Desemba 1987, fahari yangu huchanganyika na hofu. Gor Mahia, iliyokuwa imetoka sare 2-2 ugenini, ilitoka tena sare 1-1 na Esperance ya Tunisia, ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa mabao ya ugenini. Wasimulizi hao wanapungua.

Hata Marekani, vituo vya televisheni havikuihifadhi fainali ya kwanza ya Super Bowl, 1967. Kanda iliyojitokeza baadaye ilitoka kwa mtu binafsi. Basi mwenye picha au tikiti ya 1987 asiitupe, na wakuu wa soka wayarekodi masimulizi haya sasa. Mali bila daftari huisha bila habari.