Ufukwe Si Ua wa Mtu

Upo mtindo unaozidi kuota mizizi katika pwani ya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi na Mbweni upande wa Kinondoni hadi Mjimwema, Gezaulole na Kimbiji, sehemu ambazo zilikuwa za Temeke kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Kigamboni. Mtu hununua kiwanja karibu na makazi ya wavuvi, hujenga kijumba cha chumba kimoja au viwili, hukizungushia ukuta, kisha hutangaza kwamba hapo ni mahali pa mapumziko ya watu wawili wanaotaka kukimbia makelele ya mji mwisho wa juma. Siku hizi baadhi ya vijumba hivyo vimeongezewa sifa nyingine: mbwa wa mgeni naye anakaribishwa, na atapata ufukwe mzima wa kukimbilia.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayotulazimu kuuliza. Ufukwe huo mzima ni wa nani? Na ni nani aliyempa mwenye kijumba mamlaka ya kuugawa kwa wageni wake na mbwa wao?

Kabla ya kuendelea yafaa tuondoe mambo mawili ambayo hupoteza watu katika mjadala huu. La kwanza ni hao watu wawili. Pwani yetu ina ulimi mwepesi, na kijumba kilichojitenga hakikosi kuzuliwa visa juu ya nani kaja na nani. Hayo si yetu. Watu wazima wanaopumzika kwa heshima hawadaiwi maelezo na jirani wala na gazeti.

La pili ni mbwa mwenyewe. Wapo wanaotaka kulimaliza jambo hili kwa kusema kwamba pwani ni ya Waislamu na mbwa ni najisi, basi asitie mguu. Hoja hiyo haitoshi. Ni kweli kwamba wengi wa wenyeji wa mwambao hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo humtaka mtu aliyeguswa na mate ya mbwa aoshe mahali hapo mara saba, moja kati yake kwa udongo. Lakini dini hiyohiyo haikumkataza mwenye mifugo, mwenye shamba wala mwindaji kufuga mbwa. Wenyeji wa pwani wanamfahamu mbwa tangu zamani, na ndio waliotuachia methali isemayo mbwa hafi maji akiona ufuko. Mnyama huyu hana kosa. Kosa ni la binadamu anayemfungua mnyororo mahali ambapo watu wengine wako kazini.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kwa mgeni aliyetoka Masaki au ng'ambo, ufukwe ni mandhari. Kwa mwenyeji, ufukwe ni mahali pa kazi. Hapo ndipo ngalawa hupandishwa na kuzibwa nyufa, nyavu hushonwa, na dagaa huanikwa. Maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, akina mama na watoto hushuka kuchokoa pweza na kuokota chaza. Mbwa mkubwa anayekimbia bila kamba juu ya samaki walioanikwa ameharibu riziki ya familia kwa siku nzima, na mwenyewe aliyekaa barazani akicheka hajui kwamba kuna hasara. Muulize mtu huyo kama angekubali mbwa wa mvuvi aingie ofisini kwake na kukanyaga majalada. Jibu tunalijua sote.

Kuhusu mamlaka, sheria zetu haziachi shaka. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Hati ya kiwanja ni haki ya kutumia eneo lililopimwa, na mipaka yake imeandikwa. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwa hiyo mtu anayemwahidi mgeni wake ufukwe wa faragha anauza kitu asichokuwa nacho. Na anayeshusha ukuta hadi kwenye mchanga, akaziba njia ambayo wavuvi wameipita tangu enzi za babu zao, anapora mali ya umma, hata kama ukuta huo umepambwa kwa maua.

Tusisahau tulikotoka. Wakati wa ukoloni jiji hili liligawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari huko Oyster Bay, Uhindini katikati, na Uswahilini Kariakoo na Ilala. Uhuru uliufungua upande ule wa bahari kwa kila mtu. Ndiyo maana leo, siku za Idi na Jumapili, watoto wa Manzese na Tandale hufurika katika ufukwe wa Coco kucheza na kuogelea bila kuulizwa wao ni wageni wa nani. Je, tutaurudisha utengano uleule kwa mlango wa nyuma, safari hii kwa kutumia fedha badala ya rangi, na kibao cha mbwa mkali badala ya askari wa mkoloni?

Watetezi wa vijumba hivi watasema kwamba utalii huleta ajira. Hoja hiyo si ngeni. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard, wakihoji kama utalii unaweza kulijenga taifa la kijamaa au utaliletea utumwa mpya wa kuwahudumia matajiri wa nje. Majibu yalikuwa mengi, na makala za mjadala ule zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu. Wakati huo hoteli zilizobishaniwa zilikuwa kubwa, kama ile ya Kunduchi Beach, nazo ziliajiri wapishi, wahudumu, mafundi na madereva. Hata hivyo watu waliuliza kama faida ilitosha kulipia hasara. Sasa linganisha na kijumba cha watu wawili. Kinaajiri mlinzi mmoja na msafishaji mmoja. Chakula mgeni amekuja nacho kutoka mjini katika boksi la barafu, pamoja na chakula cha mbwa cha makopo. Asiponunua hata samaki kijijini, ni maendeleo gani hayo tunayotakiwa kuyanyamazia?

Lipo jambo jingine ambalo hatupendi kulitaja, kwa kuwa linatugusa sisi wenyewe. Wenye vijumba hivi si wageni wote. Sheria inamnyima mtu asiye raia haki ya kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na wengi waliojenga pwani ni Watanzania: maofisa, wakuu wa idara, wastaafu wenye kiinua mgongo. Tangu Daraja la Nyerere la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, mwenye gari hategemei tena pantoni peke yake, na hamu ya viwanja imeongezeka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na lilipomtaja kiongozi lilimhesabu pia mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Hatusemi kwamba mtumishi wa leo anavunja sheria akipangisha kijumba. Tunasema kwamba ruhusa ya kupangisha nyumba haikuwa ruhusa ya kupangisha bahari. Gezaulole, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kijiji cha ujamaa, isingepaswa leo kufundishwa na ofisa wa serikali kwamba pwani ni ya mwenye fedha.

Kuna pia suala la afya, nalo si la mzaha. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na karibu wote kwa sababu ya kuumwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi. Wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15; walimu walizingatie hilo. Lakini ugonjwa huu unazuilika. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika, na kisiwani Pemba kampeni za chanjo zimethibitisha hivyo. Mbwa wa mgeni asiye na cheti cha chanjo anahatarisha mbwa wa kijiji, na mbwa wa kijiji wasiochanjwa wanamhatarisha wa mgeni. Katika hili mwenyeji na mgeni wana adui mmoja.

Mwisho, wamo wakazi wa pwani wasio na sauti. Katika fukwe za Kimbiji, Buyuni na Pemba Mnazi kasa huja usiku kutaga. Kasa mmoja hufukia mayai yapatayo 100, nayo hukaa mchangani kwa muda wa miezi miwili hivi. Mbwa huyanusa na kuyafukua kwa dakika chache. Taa kali za kijumba nazo huwapoteza vitoto, vikaelekea barazani badala ya baharini. Wanakijiji waliojitolea kulinda viota hivyo hawastahili kuja asubuhi wakakuta maganda matupu na nyayo za mbwa aliyeletwa kupumzika.

Basi nini kifanyike? Hatudai vijumba vibomolewe wala mbwa wafukuzwe. Tunadai utaratibu. Kwanza, kila njia ya kushukia pwani iliyozibwa ifunguliwe, na manispaa ziichore katika ramani ili isizibwe tena. Pili, ukuta wowote ulio ndani ya mita 60 usisalimike kwa sababu mwenyewe ana cheo. Tatu, mbwa wa mgeni aingie na cheti cha chanjo, aongozwe kwa kamba, na asipelekwe ufukweni saa za mnada wa samaki wala usiku wa kasa. Nne, serikali ya mtaa ikubaliane na wenye vijumba juu ya mchango wa wazi, ambao sehemu yake itumike kuchanja mbwa wa kijiji chenyewe. Tano, maofisa wa ardhi na mifugo waende wakaone kwa macho, wasisubiri ripoti mezani.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Wewe mtumishi wa serikali unayesoma haya, ikiwa una kiwanja pwani, anza na ukuta wako mwenyewe kabla hujaulizwa. Na wewe mwalimu, wafundishe watoto wa Kunduchi na Kimbiji mambo mawili: wakiumwa na mbwa waoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wakimbilie hospitali bila kuchelewa, na mtu yeyote akiwaambia kwamba ufukwe ni wake, wamwombe hati.