Kikula: programu inayolinda mafaili isingoje mkono wa mtu

Katika komine ya Kikula, mjini Likasi, mwanafunzi anayetaka kuchapa kazi yake ya mwisho wa masomo huenda sekretaria. Huko ndiko zinachapwa pia barua za kuomba kazi, hati za kiwanja na fomu za ofisi. Mara nyingi makaratasi hayo yote hukaa ndani ya kompyuta moja tu. Siku diski ikiharibika au kompyuta ikiibiwa, mwenye sekretaria anapoteza wateja, na mteja anapoteza jasho la miezi.

Dawa ipo, na haina bei. Programu kama Syncthing, inayotolewa bure tangu 2013, inaangalia folda iliyochaguliwa na kuinakili kwenye kompyuta ya pili. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi moja, hazihitaji intaneti wala megabaiti za kununua. Faili ikibadilika huku, baada ya muda mfupi inabadilika na kule.

Lakini programu iliyozimwa hailindi kitu, na Likasi kompyuta zinazimika bila mtu kupenda. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, hayako mbali na mji. Hata hivyo wakaaji wamezoea delestaji. Kila umeme unaporudi, kompyuta inawashwa upya. Mfanyakazi mwenye wateja watano mlangoni hatakumbuka kufungua programu ambayo hakuna mteja aliyeiomba. Kumlaumu ni bure. Programu ya namna hiyo inapaswa kujiwasha yenyewe kila kompyuta inapowaka, na kuipanga hivyo ni kazi ya mwenye sekretaria.

Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Kwenye Windows, mtu anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, anaandika shell:startup, kisha anaweka njia ya mkato ya programu ndani ya folda inayofunguka. Hapo itaanza mara mtumiaji anapoingia. Anayetaka ianze hata kabla ya mtu kuingia atumie Planificateur de tâches na kuchagua « Au démarrage ». Kwenye Linux, amri ya systemctl enable inafanya kazi hiyo.

Kwenye Planificateur kuna mtego. Katika ukurasa wa « Conditions », alama imewekwa tayari: kazi ianze tu kama kompyuta imeunganishwa na umeme wa ukutani, na isimame ikihamia kwenye betri. Aliyepanga hivyo alifikiria miji ambako umeme haukatiki. Kikula, kompyuta ya mkononi inafanya kazi kwa betri saa zile zile za hatari, na ndipo programu inapolala. Alama hizo ziondolewe.

Wako watakaosema kwamba kompyuta za zamani zitachelewa kuwaka. Ni kweli, programu nyingi zikianza pamoja mashine inalemewa. Lakini Planificateur inaruhusu kuichelewesha programu kwa dakika chache, na zile zisizo na faida zinaweza kuondolewa kwenye orodha ya kujiwasha.

Pia isidhaniwe kwamba hapo ulinzi umekamilika. Faili likifutwa kwenye kompyuta moja, linafutika na kwenye ya pili. Kwa hiyo sehemu ya kuhifadhi matoleo ya zamani iwashwe kwenye Syncthing, na mara kwa mara nakala iwekwe kwenye diski inayofungiwa mahali pengine. Na kazi ambayo haijahifadhiwa wakati umeme unakatika, hakuna programu ya kulinganisha itakayoirudisha.

Kuna jambo la heshima pia. Kompyuta mbili zinabeba siri za wateja mara mbili. Tangu Machi 2023 Kongo ina Code du numérique, sheria inayogusa habari za watu binafsi. Ziwe na neno la siri, na hati za mteja zisikae humo milele.

Wenye sekretaria za Kikula wananunua wino, karatasi na mafuta ya jenereta. Nusu saa ya kupanga programu ijiwashe ni bei ndogo kuliko zote hizo. Na mteja ana haki ya kuuliza, kabla ya kulipa: kazi yangu iko kwenye kompyuta ngapi?